Maiti Si Rehani

Neno kwa Jumuiya Ndogondogo na viongozi wa walei kuhusu mazishi na madeni yake



Katika sheria ya Musa limo katazo ambalo halihubiriwi mara nyingi. Mtu akimkopesha mwenzake, asichukue jiwe lake la kusagia kuwa rehani, kwa maana achukuaye jiwe hilo amechukua uhai (Kum 24:6). Mistari michache mbele, mkopeshaji anakatazwa kuchukua rehani vazi la mjane (Kum 24:17). Mungu hakusema kwamba madeni yasidaiwe. Alisema kwamba viko vitu ambavyo mkono wa mdai haupaswi kuvigusa.

Siku hizi iko rehani nyingine, nzito kuliko jiwe la kusagia na kuliko vazi la mjane. Rehani hiyo ni mwili wa marehemu. Hospitali huushika mpaka bili ilipwe. Wakwe huushika mpaka mahari itimie. Nzengo huushika mpaka faini itolewe. Na, tuseme bila kuficha, Kanisa nalo, kwa mikono yetu sisi viongozi wake wadogo, huushika mpaka kadi ya michango ikaguliwe. Waraka huu una neno moja tu: maiti si rehani ya mtu yeyote.

1. TUONE: njia ya mjane kutoka hospitali hadi kaburini

Tuchukue mfano. Haumhusu mtu fulani. Umejengwa kwa mambo ambayo kila mkazi wa Ngulyati ameyaona, moja hapa na jingine pale.

Baba wa familia anaugua. Zahanati inampeleka Bariadi, na Bariadi inampeleka Mwanza kwa njia ya Lamadi na Magu. Ni mwezi Machi. Pamba ingali shambani, na msimu wa kuuza huanza Mei. Zizini wamo ng'ombe wanne, na kati yao wawili ni maksai wa plau. Baada ya majuma matatu baba anafariki dunia. Mkewe anaambiwa alipe kwanza, ndipo auchukue mwili. Kila siku mwili unapolala mochwari, gharama ya kuuhifadhi inaongezwa juu ya deni la matibabu. Mama anapiga simu nyumbani: uzeni ng'ombe mmoja. Kesho yake anapiga tena: uzeni wa pili. Mnunuzi naye anajua kwamba muuzaji ana msiba, hivyo bei anaipanga yeye.

Nje ya mochwari anasubiri mtu mwenye maneno ya upole. Anayo majeneza, gari, sanda, msalaba na mashada ya maua, vyote kwa pamoja. Anauliza, "Mama, kweli mzee utamzika katika mbao hizi za kawaida?" Mjane aliyelia siku mbili hana nguvu ya kwenda kuuliza bei mahali pengine, na swali lile limekwisha kumtia aibu. Anachukua jeneza la kioo na vishikio vinavyong'aa. Maksai wa kwanza ameondoka.

Nyumbani kunahitajika maturubai, viti, jenereta, kipaza sauti, na chakula cha waombolezaji kwa siku tatu. Maksai wa pili anachinjwa. Ndipo katibu anafunua daftari na kusoma kwamba marehemu hakutoa zaka kwa miaka miwili, wala hakuonekana katika jumuiya. Kwaya haiji. Katekista anaambiwa abaki nyumbani.

Mvua za Novemba zinapofika, mjane anaingia shambani na jembe la mkono, na mtoto aliyekuwa sekondari anashika jembe la pili. Marehemu amezikwa, lakini deni halikuzikwa pamoja naye. Jiwe la kusagia limechukuliwa.

2. WASHIKA REHANI WANNE

Wa kwanza ni hospitali. Hatuwatukani waganga na wauguzi wetu, ambao wengi wao hufanya kazi kwa moyo. Dawa hununuliwa kwa fedha, na deni la matibabu ni deni halali. Lakini deni la marehemu lina njia yake ya kisheria: msimamizi wa mirathi hulilipa kutoka katika mali aliyoiacha marehemu. Mwili wake hauhesabiwi katika mali hiyo. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa ililetewa shauri la hospitali iliyouzuia mwili kwa sababu ya deni. Mahakama ilikataa maiti itumiwe kuwa dhamana, ikaamuru jamaa wapewe mwili wa ndugu yao.

Kwetu Tanzania viongozi wa Serikali wameukemea mwenendo huo zaidi ya mara moja. Tarehe 28 Agosti 2025, akizindua kampeni yake ya uchaguzi jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kwamba katika siku 100 za kwanza hospitali zitapigwa marufuku kuzuia miili kwa sababu ya gharama za matibabu. Hatuzungumzi hapa juu ya kura. Twasema tu kwamba ahadi ya namna hiyo haitolewi kwa jambo lisilokuwapo. Mjane aliyeambiwa "lipa kwanza" hakuota ndoto.

Wa pili ni mfanyabiashara wa misiba. Tumtofautishe na fundi. Seremala hula kwa jasho lake, na Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala (Mk 6:3). Anayechonga jeneza imara na kutaja bei ileile kwa tajiri na kwa maskini anafanya kazi ya huruma. Twamsema yule anayepanga bei kwa kuangalia machozi. Huyu hashiki mwili. Anashika aibu yetu, na kwa aibu hiyo anatuongoza kama ng'ombe aliyetiwa kamba puani.

Lakini nani aliyempa kamba hiyo? Zamani mwenye mji wa Kisukuma aliweza kuzikwa karibu na zizi lake, mwili wake ukiwa umefungwa katika ngozi ya ng'ombe, na hakuna aliyesema kwamba amezikwa bila heshima. Bwana Yesu alizikwa kwa sanda, katika kaburi la mtu mwingine. Amri ya jeneza la kioo haikutoka kwa wazee wetu, wala haikutoka katika Maandiko. Imetoka katika macho ya majirani, na majirani hao ni mimi na wewe.

Wa tatu ni ukoo. Tumesikia habari za wakwe wanaokataa binti yao asizikwe mpaka mumewe amalize ng'ombe wa mahari. Miaka kumi mwanamke huyo alipika, alilima na kuzaa, na hakuna aliyekuja kudai. Siku alipokata roho, mwili wake ukawa kamba ya kumfungia mkwe. Hii si mila. Ni kumwuza marehemu mara ya pili.

Wakati mwingine ugomvi huwa juu ya nani mwenye haki ya kuzika. Wengi wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno wa Nairobi, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi; ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, kwao Siaya. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki hiyo, na marehemu akazikwa tarehe 23 Mei 1987. Miezi mitano nzima mtu yule hakupata kaburi, huku walio hai wakipimana nguvu juu yake.

Na ukoo ukimaliza kuushika mwili, humgeukia mjane mwenyewe. Ataambiwa kwamba ng'ombe walitolewa kwa ajili yake, hivyo sharti achukuliwe na shemeji. Basi ajue kila mjane wa Bariadi, na ajue kila shemeji: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, yasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yu huru kukaa apendapo, na yu huru kubaki bila mume au kuolewa na mtu amtakaye, hata kama mila yasema vingine. Mjane naye si rehani.

3. WA NNE NI SISI

Ni rahisi kuwasema watu wa mbali. Sasa tujitazame.

Nzengo ni zawadi kubwa. Hakuna kampuni ya mazishi, hata ya Dar es Salaam, inayoweza kufanya yanayofanywa na nzengo: vijana huchimba kaburi bila ujira, akina mama huleta maji, kuni na unga kabla ya kuitwa, wazee hukesha. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Nzengo imeujua ukweli huo tangu zamani. Lakini nzengo hiyohiyo, iliyokusudiwa kumbeba mfiwa, ikageuka baraza la faini. Asiyehudhuria misiba ya wengine, au asiyetoa mchango, hutengwa, na siku msiba unapomfikia, watu hukaa majumbani mwao wakisema, "Na azike mwenyewe." Anayeadhibiwa ni nani? Mkosaji amekwisha kufa, hasikii. Wanaosikia ni mkewe na watoto wake, wakitazama njia ambayo hakuna mtu anayekuja.

Na Kanisa? Tunafanya yaleyale, tukiongeza maji ya baraka. Tena twadai kwamba ndivyo sheria ya Kanisa inavyotaka. La hasha! Tuifungue Sheria Kanoni ya mwaka 1983. Kanuni ya 1176 yasema kwamba waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa. Kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi, yaonya kwamba usiwepo upendeleo wa watu, wala maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kanuni ya 1184 ndiyo inayotaja wanaoweza kunyimwa: walioiasi imani kwa kujulikana, wazushi na wafarakano, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao ya Kanisa yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Itafuteni orodha hiyo mwanzo hadi mwisho: aliyechelewa kutoa zaka hamtamwona humo.

Kuna anayejibu kwamba asiyesali katika jumuiya ni mdhambi wa wazi. Basi asome aya inayofuata ya kanuni hiyohiyo: pakiwa na shaka, shauri lipelekwe kwa mkuu wa Kanisa mahalia, yaani kwa kawaida Askofu, na uamuzi wake ufuatwe. Halikuachwa kwa mwenyekiti wa kigango, wala kwa katibu mwenye daftari. Sisi tumejitwalia fimbo ambayo Kanisa halikutukabidhi.

Wengine wasema, "Tukiwazika wote sawasawa, nani atatoa michango?" Hoja hii si ya kudharau. Kila mwamini anao wajibu wa kulitegemeza Kanisa lake, na asiyetimiza aambiwe. Lakini aambiwe angali hai! Miaka miwili mzee yule hakuonekana jumuiya. Nani alikwenda kumwona? Nani aliuliza kama ni miguu iliyomzuia, au macho, au njaa, au aibu ya kukosa sadaka mbele ya wenzake? Mchungaji wa Injili aliwaacha tisini na tisa akamtafuta mmoja. Sisi humngoja yule mmoja afe, kisha twamwonyesha hesabu. Michango inayotolewa kwa hofu ya kuzikwa kama mbwa si sadaka; ni kodi ya kaburi.

4. TUAMUE: Maandiko yatufundisha nini?

Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma tuliyoyakariri katika katekisimu. Tobiti, akiwa uhamishoni Ninawi, aliizika miili ya ndugu zake iliyotupwa, ingawa kwa tendo hilo mfalme alitaka kumwua na mali yake yote ikachukuliwa (Tob 1:17-20). Siku moja aliacha chakula mezani kabla ya kukionja, akaenda kumchukua maiti aliyelala sokoni (Tob 2:1-4). Hatusomi kwamba aliuliza kama marehemu alikuwa mwanachama.

Yoshua bin Sira naye atuonya kwamba tumlilie marehemu kwa haki na kumzika inavyostahili, kisha tukubali kufarijiwa, maana huzuni isiyo na kiasi huwadhuru walio hai (YbS 38:16-23). Je, gharama isiyo na kiasi haiwadhuru vilevile?

Lakini neno linalotuhukumu zaidi liko Kalvario. Yosefu wa Arimathea alikwenda kwa Pilato kuuomba mwili wa Yesu. Pilato alikuwa mtu wa dola, na ndiye aliyetoa hukumu ya kifo. Aliuliza jambo moja tu, kama kweli amekwisha kufa. Alipohakikishiwa, aliutoa mwili (Mk 15:43-45). Injili haitaji malipo yoyote. Ndugu zangu, hata Pilato aliutoa mwili! Tutasimamaje mbele ya Kristo siku ile, sisi wabatizwa, ikiwa tumekuwa wagumu kuliko Pilato?

5. TUTENDE

Yatupasa kuanza na yaliyo mikononi mwetu. Tume inaziomba jumuiya zote zijadili na kupitisha haya:

Kwanza, daftari la michango lisifunguliwe msibani. Kila mwamini aliyefariki azikwe kwa sala, msalaba, kwaya na katekista, au padre akipatikana. Mwenye neno juu ya marehemu alipeleke kwa paroko, naye paroko akiona shaka alifikishe kwa Askofu.

Pili, mfiwa asiende hospitali peke yake. Jumuiya ichague watu wawili wenye busara wa kumsindikiza. Hao ndio waombe bili kwa maandishi, wamwone Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali iwapo familia haina uwezo, na waombe deni liandikwe ili lilipwe kwa awamu baada ya mavuno. Hao ndio waulize bei ya jeneza na gari mahali zaidi ya pamoja.

Tatu, jumuiya ikubaliane juu ya jeneza la namna moja, la mbao imara, linalochongwa na mafundi wa hapa kwetu. Mwenyekiti azikwe nalo, mfanyabiashara azikwe nalo, mjane maskini azikwe nalo. Wenye uwezo wakianza, aibu itakufa yenyewe.

Nne, mfiwa asilishe watu. Anayekuja aje na unga wake, na anayekaa jirani ale kwake. Maksai, plau, mbegu, shamba na ada ya mtoto visiguswe kwa ajili ya matanga. Hayo ndiyo mawe yetu ya kusagia.

Tano, uwepo mfuko wa mazishi, unaochangiwa kidogo kidogo wakati wa kuuza pamba, hesabu zake zikisomwa wazi. Mfuko huo umsaidie hata asiyechangia. Tukimbagua, tumerudi kulekule kwa faini. Kadhalika tuhimizane kujiunga na bima ya afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na mgonjwa mwenye bima huwapunguzia watoto wake deni la matibabu.

Sita, rambirambi zihesabiwe mbele ya mjane, au mbele ya watoto kama ndio waliobaki, kabla ya kuondoa matanga. Kila shilingi iliyosalia ni yao, si ya kamati wala ya shemeji. Viongozi wamsaidie mjane kupata kibali cha mazishi na kuandikisha kifo mapema, ili apate cheti cha kifo kinachotolewa na RITA. Bila cheti hicho hataweza kufungua mirathi mahakamani, na wenye tamaa watakuwa wamemtangulia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika misiba mitatu ya mwisho tuliyohudhuria, familia iliuza nini? Leo inaishije?

2. Yupo mtu katika eneo letu aliyezikwa bila sala kwa sababu ya michango au mahudhurio? Nani aliamua? Tufanye nini sasa kwa ajili ya familia yake?

3. Ni nani kati yetu hajaonekana katika jumuiya kwa muda mrefu? Nani atakwenda kumwona juma hili, kabla hatujaitwa kwake kwa kilio?

Wapendwa, tunajua kwamba maneno haya yatawachoma baadhi ya viongozi. Yametuchoma sisi kwanza, kwa kuwa wengine wetu tumeshika daftari hilo kwa mikono yetu wenyewe, tukalisoma mbele ya watoto waliokuwa wakilia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni mpaka ukutwike wewe ndipo unapoujua uzito wake. Na huu utatufikia wote. Siku itakuja ambapo kila mmoja wetu atalala kimya, hana kauli, akingoja wengine wamchukue. Tuwafanyie wenzetu leo lile tutakalohitaji kufanyiwa siku hiyo.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.